Mpozaji wa Shwarini

Nchi ya Shwarini iko juu, penye baridi, na jinsi nilivyofika huko si habari ya kumchosha msomaji. Njia ilikuwa njia kama njia nyingine, yenye matope na watu wa kukuelekeza kusiko. Nitakayoyasimulia ni niliyoyaona baada ya kufika. Nitajitahidi kuyapanga vizuri, kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama karibu maisha yangu yote ya kazi, na karani hafundishwi kulia. Hata hivyo nasema mapema kwamba niliondoka huko na huzuni ambayo haijanitoka.

Washwari ni watu wapole. Hilo nalisema bila kejeli. Ukimkanyaga Mshwari sokoni, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuweka mguu wake mahali ulipotaka kukanyaga. Juu ya mlango wa Baraza lao Kuu wamechonga maneno "Hasira hasara", na wazee wao hupenda kusema "yaliyopita si ndwele", wakaishia hapo. Mara ya kwanza nilidhani mzee amesahau, nikammalizia: "tugange yajayo." Alinitazama kama mtu aliyeletewa sahani ya pili naye ameshiba.

Sheria yao ya kwanza, ambayo kila mtoto huikariri kabla ya kujua kuhesabu, inasema hivi: kosa huzaliwa mtu anapokasirika, na hufa anapopoa. Kwa Washwari kinachohukumiwa ni joto la aliyetendewa, si kitendo. Ukiangusha nyumba ya jirani naye asikasirike, kisheria nyumba ile imesimama, na mwenye nyumba hulala ndani yake, kwenye mvua, bila kinyongo.

Kwa kuwa sheria yataka ushahidi, ipo ofisi ya Mpima Joto. Mlalamikaji huitwa, hupewa donge la samli iliyoganda kwa baridi ya huko, akalifumba mkononi wakati vifungu vya sheria vikisomwa. Vikiisha, hufumbua. Samli ikiwa imeyeyuka na kuchuruzika, kosa li hai. Ikiwa bado ni donge, kosa limekufa, naye huruhusiwa kwenda nalo nyumbani akapikie. Nilihudhuria mjadala wa asubuhi nzima barazani juu ya wapishi: je, mtu anayeshinda ameshika vyungu vya moto aweza kupimwa sawa na mfumaji? Ikaamuliwa mpishi apimwe mkono wa kushoto. Mjumbe mmoja mwenye ndevu nzuri akauliza, na mpishi anayetumia mkono wa kushoto je? Kikao kikaahirishwa. Nilicheka siku ile. Bado nilikuwa mgeni.

Nilipata chumba cha kupanga kwa Bi Mwanatenga, mjane, katika mtaa uitwao Chini ya Ukuta. Juu ya mtaa huo, kwenye mteremko wa mlima, lilikuwapo bwawa la Kampuni ya Nili, kampuni inayotia rangi vitambaa vya nchi nzima. Kabla ya mimi kufika, kipande cha ukuta wa bwawa kilikuwa kimemeguka. Maji ya buluu yaliteremka mtaani, yakazoa nyumba za safu ya chini, mbuzi, na mume wa Bi Mwanatenga, mfinyanzi aitwaye Shomari, aliyekimbilia kuokoa vyungu ambavyo hata havijachomwa. Nyumba zilizosalia zilikuwa na buluu mpaka kifuani. Juu mlimani, sehemu ya ukuta iliyobaki ilikuwa na ufa ambao mtu aliyesimama sokoni aliuona bila kukaza macho.

Bi Mwanatenga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku niliyofika, kabla hata ya kunionyesha choo kilipo, alininyooshea kidole.

"Mgeni, nikuambie mapema usije ukashangaa. Wenzangu wote humu ni wapole. Mimi sipoi. Samli ya serikali haitabaki donge mkononi mwangu mpaka ule ukuta uwe ukuta."

"Mkono mmoja utatosha?" niliuliza.

"Sheria inasema mmoja tu unatosha. Msimu wa kupoza ukiisha, samli ikichuruzika kwa mmoja wetu, Kampuni inajenga upya, itake isitake. Basi mimi ndiye huyo mmoja. Karibu uji."

Msimu wa kupoza ni muda ambao sheria huwapa wenye kosa ili wapunguze joto la watu. Katika muda huo hawaruhusiwi kugusa kilichoharibika, maana kugusa ni kukiri, na kukiri huongeza joto. Kwa hiyo huajiri mpozaji, na Kampuni ya Nili ilitangaza kumtafuta wake: mtaalamu wa mawasiliano wakati wa maafa na wa ujirani mwema na jamii. Huko usaili wa wapozaji hufanywa hadharani, watu wakaja na mikeka na mahindi ya kuchoma kama wanaokwenda ngomani. Bi Mwanatenga hakwenda. Mimi nilikwenda.

Mkurugenzi wa Kampuni, Bwana Mfaume, aliketi nyuma ya meza ndefu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikakuta ni mtu mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, anayekunja na kukunjua leso.

Mwombaji wa kwanza alikuwa bwana aliyevaa suti, mwenye maneno laini.

"Tusiseme ukuta ulibomoka," alisema. "Ukuta ulipitia kipindi cha mpito. Tusiseme mafuriko. Kulitokea hali ya unyevunyevu, na maji yakajikuta bondeni."

"Na marehemu?" Bwana Mfaume aliuliza.

"Marehemu alikutana na unyevunyevu."

Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimeshaandika vitu vya namna hiyo katika mashauri ya kwetu, nikiandikishwa na mawakili, kwa hiyo sikuwa na haki ya kushangaa sana.

Wa pili alikuwa mama mmoja mchangamfu, aliyeleta kofia, fulana na ndoo zenye nembo ya Kampuni, za kuwagawia waliopoteza nyumba. Alipendekeza pia mechi ya mpira kati ya Kampuni na wahanga, na akaahidi kwa mkono kifuani kwamba wahanga watashinda. Naye akapigiwa makofi, tena na vigelegele.

Wa tatu akasimama mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa kichwani, mikono mitupu. Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Alikuwa Siwema binti Chande, mpozaji mwenye sifa kuliko wote nchini. Tena ni mtoto wa Chini ya Ukuta, aliyelelewa na Bi Mwanatenga, mdogo wa mama yake, tangu mama huyo alipofariki. Hakutoa hotuba. Alimwuliza Bwana Mfaume swali.

"Ukuta mtaujenga?"

"Tunataka sana."

"Sikuuliza mnachotaka, bwana. Mtaujenga?"

Bwana Mfaume akaikunja leso. "Sasa hivi nikigusa jiwe, nimekiri. Wanasheria wangu hawalali kwa kunikataza. Lakini watu wakipoa, mikono yangu itakuwa huru. Nitaujenga kwa hiari yangu, tena imara kuliko ulivyokuwa. Naapa kwa mama aliyenizaa."

Siwema alimtazama mashavu. "Hata kula huli siku hizi," akamwambia taratibu.

Mkurugenzi akafunika uso kwa leso akalia mbele ya watu wote, na mikeka yote ikalia pamoja naye. Kazi akapewa pale pale. Nasema kwa haki: naamini kiapo kile kilitoka moyoni.

Jioni alikuja nyumbani. Bi Mwanatenga alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Umekuja kama mwanangu au kama Kampuni?"

"Nimekuja kama nilivyo, mama."

"Basi nusu yako ikae nje."

Siwema akakaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, kama alivyoambiwa. Mimi, ambaye umri haujaniondolea udadisi, nilimfuata alipoaga, nikamwuliza kwa nini amekubali kazi ile.

"Mjomba, wewe umeishi mahakamani, unajua," alisema. "Anayelazimishwa hujenga ukuta wa kulazimishwa. Mji nilikofanya kazi kabla ya hapa, watu hawakupoa, kampuni ikalazimishwa kujenga daraja. Walijenga kwa udongo wakapaka chokaa. Lilikaa mpaka punda wa kwanza. Huyu Mfaume anataka kujenga. Mimi naona mtu anayetaka. Nikimwondolea hasira ya watu njiani, atajenga kwa moyo wake, na watoto wa mtaa wangu watalala."

Niliyapima maneno yake nikayaona mazito. Hata leo siwezi kusema alikuwa mjinga. Alikuwa na upungufu mmoja tu: aliwaamini watu kama alivyojiamini.

Na kazi aliifanya, si mchezo. Hakugawa ndoo. Alilala safu ya chini, kwenye maturubai, pamoja na waliopoteza nyumba. Aliuliza jina la kila mbuzi aliyezolewa na maji, na watu wakastaajabu kwamba kuna mtu wa kujali jina la mbuzi. Alimleta Bwana Mfaume mwenyewe, akamkalisha chini, akamwacha atukanwe mpaka matusi yakaisha, kisha akampa brashi asugue kuta pamoja na wenye nyumba, maana kisheria kusugua si kugusa. Mkurugenzi alirudi kwake na mikono ya buluu mpaka viwikoni. Wiki kwa wiki, watu wakapoa. Walikuwa wapole kwa asili, na sasa wamesikilizwa. Ungetaka wakasirike kwa lipi?

Akabaki Bi Mwanatenga. Siwema hakumgusia Kampuni hata kwa bahati mbaya. Alikuja kila siku akaosha vyombo, akafua, akatia maji mtungini. Halafu siku moja, wanamenya viazi, akasema kana kwamba anaongea na kiazi:

"Baba Shomari na uji wa moto. Unakumbuka?"

Bi Mwanatenga akaendelea kumenya.

"Anapuliza, anapuliza, anasema umepoa, anaunywa, anaungua. Kila siku ya Mungu."

"Na lawama juu yangu," Bi Mwanatenga akasema. "Eti mimi nimeupasha uji ndani ya kikombe." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kisu kikamwanguka, na kicheko kikageuka kilio, kilio cha kwanza tangu mazishi. Siwema akamshika kichwa akakiweka kifuani pake, wakakaa hivyo viazi vikiwa vyeusi kwenye beseni. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilifurahi. Nilikuwa nimemwona mama yule akisaga meno usingizini na kuongea na mlima, nikadhani sasa atapumzika.

Siku ya kupimwa, mtaa mzima ulisimama mstari mbele ya Bwana Kondo, Mpima Joto, mzee safi aliyenukia samli tangu kofia mpaka viatu. Wakafumbua mikono mmoja mmoja. Madonge makavu. Bi Mwanatenga alikuwa wa mwisho, na watu wote walinyanyua shingo. Alifumbua. Donge lilikuwa vile vile, na alama za vidole vyake juu yake.

"Kosa limekufa," Bwana Kondo akatangaza, na vigelegele vikapaa.

Bwana Mfaume hakukawia. Kesho yake alipandisha mafundi na mikokoteni ya mawe mlimani. Lakini kabla jiwe la kwanza halijatua, mjumbe yule mwenye ndevu nzuri aliinuka barazani kutoa hoja, na mafundi wakaamriwa kusubiri.

"Waheshimiwa," alisema, "ukuta huu umesamehewa. Anayetengeneza kilichosamehewa anasema nini? Anasema bado ni kibovu. Na akisema bado ni kibovu, anamwita aliyesamehe mwongo. Je, tutakaa kimya mtaa mzima wa watu wema ukitukanwa kwa mawe?"

Baraza likanguruma kukubali. Bwana Mfaume akasema yeye anajenga kwa hiari yake tu. Akajibiwa kuwa hiari haiwezi kuwa kubwa kuliko heshima. Siwema, aliyeruhusiwa kusema kwa sababu ya cheo chake, aliomba waulizwe wenyewe wa mtaani. Wakaona ni haki. Bi Mwanatenga akaitwa.

"Mama, una hasira?" mwenye ndevu akamwuliza kwa upole mwingi.

"Sina."

"Basi ukuta una kasoro gani?"

"Una ufa, baba. Unaonekana toka sokoni."

"Hatukuuliza ufa, mama. Tunauliza moyo wako. Ulisamehe, au ulidanganya mbele ya Mpima Joto?"

Mama yule, aliyekuwa na sauti ya kuvuka mto, alitazama huku na huku. Watu wote walikuwa wakimwangalia kwa huruma, jinsi anavyoangaliwa mtu aliyetaka kurudisha zawadi. Akaona haya.

"Nimesamehe, jamani," akasema kwa sauti ndogo. "Nimesamehe kweli."

Ikaandikwa kwamba ukuta ni mzima. Mimi nikanyoosha mkono, nikaruhusiwa kwa heshima ya ugeni, nikawaambia kwetu husemwa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Walinisifu kwa lugha nzuri. Mjumbe mmoja aliniomba niirudie polepole ili aifundishe wajukuu zake. Kisha mikokoteni ikateremshwa mlimani na mawe yake.

Sasa Siwema akaanza kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifanya Shwarini: kuwapasha watu moto. Alizunguka nyumba zile zile. "Kasirikeni," aliwaambia. "Nawasihi. Mmoja tu akasirike, akadai upya." Lakini ilikuwa sauti ile ile iliyowatuliza, na kila alipoisema walizidi kutulia. Walimkalisha kitako. "Umechoka, mwanetu. Umetufanyia makubwa. Kunywa uji." Mzee mmoja wa safu ya chini, aliyekuwa bado analala kwenye turubai, alimpa mto wake.

Alikuja kwa Bi Mwanatenga akapiga magoti. Mama akamshika shavu.

"Nilikuwa nasaga meno mpaka taya zinauma," alisema. "Ulinitoa huko wewe mwenyewe. Sasa nalala, namwota Shomari anapuliza uji. Usinirudishe kule, mwanangu. Nakuomba."

Siwema akainuka, akajipangusa magoti. Nilimsindikiza mpaka njia panda.

Mvua zikaja. Ukuta mzima kisheria ulianguka asubuhi, watu wakichota maji. Mimi nilikuwa barazani, ambako walikuwa wamerudia shauri la wapishi. Tulisikia kishindo, na mwenye ndevu alisubiri kipite ndipo akaendelea na hoja yake. Niliposhuka mbio, safu ya kati yote haikuwapo, na nyumba niliyopanga haikuwapo. Tulimwona Bi Mwanatenga mchana, chini kabisa ya bonde, kanga yake na mikono yake vikiwa na buluu. Walikuwapo wengine wengi. Sitawataja hapa, kwa kuwa nikianza sitaweza kuendelea na taarifa hii.

Ningependa kuandika kwamba safari hii Washwari waliwaka. Hawakuwaka. Walikuwa wamefundishwa vizuri mno. Waliofiwa walikaa pamoja wakaulizana majina ya waliokufa na vichekesho vyao, wakalia, wakacheka, wakapoa kabla hata wapozaji hawajaitwa. Bwana Mfaume alikuja akaanguka kwenye tope, akilia kwa kweli, na waliofiwa ndio waliomnyanyua na kumfuta. Bwana Kondo alipopitisha samli yake, mikono ilifumbuka mikavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Siwema. Alikuwa na haki ya kupimwa, kwa kuwa marehemu Bi Mwanatenga ndiye aliyemlea. Samli ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko, ikadondoka chini.

Mkono mmoja unatosha. Kampuni ilipewa msimu wa kupoza, ikaleta wapozaji. Bwana wa suti alikuja, na mama wa kofia na fulana, na wengine kutoka miji ya mbali. Siwema aliwajua wote na mbinu zao zote, nyingine alizibuni yeye. Msimu ukaisha, na amri ikatoka: ukuta ujengwe upya, na ujenzi uendelee maadamu kosa li hai. Kila wiki Mpima Joto angemwendea. Siku donge litakapobaki kavu, mafundi wangeweka chini zana zao, jiwe likiwa hapo lilipofika.

Basi akajifungia katika chumba kimoja huko juu, ng'ambo ya bonde. Alizuia matanga yasifanywe kwake. Majirani waliokuja na vyakula aliwarudisha. Mtaa, ambao haukuwahi kumsema mtu vibaya, ukaanza kumwonea huzuni kama mtu aliyeingiwa na maradhi. Wakasimama nje ya dirisha wakamwimbia nyimbo za kubembeleza, na yeye akaziba masikio kwa matambara.

Siku zangu za kuondoka zilipofika, Bwana Mfaume alinikuta njiani. Nywele zake zilikuwa nyeupe. "Mzee," alisema, "wewe ni mtu wake. Ukaketi naye tu. Sikuombi umwambie chochote kuhusu Kampuni. Anateseka yule, na mimi siwezi kuvumilia kumwona anavyoteseka." Na hapo pia naamini alisema kweli.

Nilikwenda kumuaga. Alinifungulia baada ya kuhakikisha niko peke yangu. Nywele hazijasukwa, macho yamezama, midomo imepasuka. Dirishani mlionekana ukuta mpya mlimani, umefika kiunoni mwa mtu, na mafundi juu yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaa mbali kidogo. Usinishike mkono."

Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alitazama dirishani, si mimi.

"Wanasema wakifika kimo cha mtu na nusu, maji hayatapita tena hata ukuta ukibaki hapo. Nahitaji kufika huko tu. Asubuhi ni rahisi. Nakumbuka lile Baraza, nakumbuka alivyoona haya. Jioni ndipo pagumu, mjomba. Jioni namkumbuka yeye tu, mwenyewe, na moyo unalainika." Akaegemea dirisha. "Nilimpoza mimi. Alikuwa mkali kama pilipili, angetuokoa sote, na mimi nikamwendea na habari za uji."

Machozi yakamtoka, na akawa anayafuta kwa haraka, kwa kiganja, kama anayefuta kosa. Alikuwa amefiwa na mama na hakuna aliyemkumbatia. Nimezaliwa na kukulia mahali ambapo hata adui ukimkuta msibani unampa pole, ndipo ugomvi uendelee. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi tu, na lilikuwa la kweli, na nilijua lingefanya nini ndani yake. Alinigeukia, akaliona usoni pangu.

"Usiniambie," alisema. "Mjomba, nakuomba, wewe usiniambie."

Nikasimama. Nilimpita mtu aliyefiwa, analia, nikatoka bila kumpa pole, nikavuta mlango nyuma yangu. Nilisikia komeo likirudi mahali pake.

Njia ya kutoka Shwarini hupita chini ya ukuta. Mafundi waliponiona natokea upande ule waliacha kazi, na msimamizi wao akaniita kutoka juu, mwiko mkononi.

"Mzee! Umetoka kwake? Amepoa?"

"Bado," nikamjibu.

Wakainama, wakanyanyua jiwe jingine.